Karatasi ya Dilnaz Kwenye Kopo la Vifungo

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo ninao, hilo mtaa mzima wanalijua. Mwaka wa tisa huu cherehani yangu iko kwenye baraza la Mzee Parvez, hapa Dodoma mjini, anayeuza nyuzi, zipu na vifungo. Watu wanamwona mkavu, mtu wa kupima lastiki na kunyamaza. Hawajamsikia akisoma riwaya.

Kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa anarudishia mlango, anamsomea mkewe, Dilnaz. Wote wawili walipenda riwaya za mauaji ya zamani, zenye mizimu ndani. Mimi niko nje nakunja pindo, masikio yote kwao. Na walikuwa na sheria yao: kabla ya sura ya mwisho, kila mmoja anaandika jina la muuaji anayemshuku, anakunja karatasi, anaitia kwenye kopo la vifungo. Kuchungulia mwisho ni mwiko. Atakayekosea anapika chai wiki nzima.

Riwaya yao ya mwisho ilikuwa ya stesheni ya Gulwe, enzi za Mjerumani, reli ndiyo kwanza inafika. Stesheni masta anakutwa amekufa ndani ya tangi la maji, na tangu siku hiyo taa yake inatembea relini peke yake, hakuna mkono ulioishika. Jamani, kitabu kile kilikuwa kitamu. Mzee akifika kwenye taa anashusha sauti, upepo wa vumbi unagonga mabati, na mimi jua la saa nane linanichoma mgongoni lakini vinyweleo vimenisimama. Dilnaz anacheka kwa raha. "Rudia hapo," anasema.

Wakati huo alikuwa anaumwa. Daktari alimwita Mzee pembeni akamwambia mwezi hautaisha. Mzee akatuomba sote tusimwambie mkewe, basi tukadanganya. Mimi mwenyewe kila asubuhi nilikuwa namwamkia, "Shikamoo Mama, leo umenawiri," naye anaitikia, "Marahaba mwanangu," anatabasamu. Walipofika sura ya mwisho aliandika karatasi yake, akaitia koponi, akasema amechoka, watamalizia kesho. Siku ya tatu tukazika.

Miezi saba kitabu kilikaa rafuni, kopo juu yake, Mzee hagusi. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Nilimnyima nafasi ya kuaga, Yasinta," akaniambia. "Labda alikuwa na neno la kuniambia. Amekufa hajui kama anakufa, na aliyemficha ni mimi. Nikifungua ile karatasi nitakuta jina la muuaji tu, basi, ndiyo yatakuwa maneno yake ya mwisho."

Nilimwonea huruma, tena sana. Lakini na mimi ni binadamu. Jumamosi moja nikaingia dukani nikamwambia, "Mzee, nisamehe, miezi saba sasa sijui nani kamuua yule stesheni masta. Soma, au nipe nisome mwenyewe." Nilijua kabisa nimekosa adabu. Alinitazama weee, mpaka nikaanza kurudi nyuma, kisha akavaa miwani yake.

Alisoma polepole. Muuaji alikuwa mpishi. Ile taa haikuelezwa, kitabu kiliiacha inatembea tu, na mimi nilifurahi hivyo hivyo. Mzee akafungua karatasi yake, alikuwa ameandika karani. Ya Dilnaz hakuifungua, akanipa nimsomee.

Mwandiko ulikuwa unatetemeka. "Ni mpishi. Nimesoma mwisho jana ulipokuwa na wateja. Nisamehe, nisingefika. Ulijitahidi sana kunificha, nikaona nisikuharibie."

"Alijua," Mzee akasema.

"Alijua, Mzee."

Nikaona aibu kwa kila asubuhi niliyomwambia amenawiri. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tunabembelezwa. Mzee Parvez, ambaye siku ya mazishi hakutoa chozi, aliinamia meza ya duka akalia kwa sauti, analitaja jina la mkewe. Nikafunga mlango, nikasimama nje barazani, nikawaambia wateja leo wakanunue nyuzi kwingine.