Yowe Mlangoni kwa Meneja

Mungu alimnyima Damari mengi, lakini kwenye sauti hakumbania. Kanisani aliimba mpaka mchungaji akawa anamkonyeza apunguze kidogo, na wengine nao wasikike. Shambani, wachuma chai wa bonde la pili walijua mvua inakuja kwa kumsikia yeye akiwaita wenzake wafunike vikapu. Alikuwa Mbena, mzaliwa wa vilima vya nyuma ya Nyololo, mke wa Yotamu, mwanamume mpole ambaye hata kuku akiingia ndani humtoa kwa kumbembeleza.

Katikati ya miaka ya hamsini wote wawili walikuwa vibarua wa kampuni moja ya chai huko Mufindi. Meneja wao, ambaye watu walimwita Bwana Kiko kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni, alikaa juu ya kilima katika nyumba ya vioo na mawaridi. Mwaka ule wakubwa wa kampuni walikuja kutoka Ulaya, wakazungushwa mashambani kwa motokaa, wakala, wakanywa, wakaenda zao. Hawakuwa wamefika mbali, posho ya maharage ikapunguzwa na kazi ya siku ikaongezwa. Kambi nzima ilinuna. Watu wakaacha kumsalimia Bwana Kiko njiani, na kwa watu wa huku, kuacha kusalimia si jambo dogo. Kisha mchana mmoja jiwe likaruka, likavunja dirisha la chumba chake cha chakula.

Basi hapo ndipo watu walipojua kuwa serikali ina mbio. Kabla vioo havijafagiliwa, Landrova ya polisi ilikuwa imeshapanda kilima. Inspekta wa Kizungu akahamia humo ndani na askari wake, wengine getini, wengine nyuma ya jiko. Hata mawaridi yakapata mlinzi.

Siku hizohizo, Jailos, mnyapara wa bonde la pili, alimwamuru Yotamu amwage kikapu chake chote, eti majani yamekomaa. Yotamu akasema kwa upole kwamba majani ni laini, ayatazame mwenyewe. Jailos hakutazama. Alichukua mpini wa jembe akampiga nao mbele ya watu, na mkono wa Yotamu ukavunjika kati ya kiwiko na kifundo.

Dresa wa kampuni aliufunga mkono kwa vijiti, akashauri wasiseme mengi. Damari akajitanda kaniki yake, akateremka kwa miguu mpaka kituo cha polisi kule barabara kuu. Alimkuta karani peke yake. Karani akamwambia hakuna askari wa kumpa, wote wako kwa Bwana Meneja, arudi mambo yakitulia. Kisha, bila hata kuuliza mgonjwa anaendeleaje, akamuuliza kama anamjua aliyerusha lile jiwe. Damari alipanda mlima kurudi nyumbani huku machozi ya hasira yakimtoka, na hakuona haja ya kuyafuta.

Alipofika kambini alikuta habari nyingine. Jailos anahamishwa. Kesho asubuhi lori la kampuni litamchukua na mizigo yake, limpeleke shamba lingine ambako hakuna anayemjua. Akishapanda lori hilo, mkono wa Yotamu utakuwa umevunjwa na hewa.

Yotamu alisema yaishe. "Mama Edmund, mimi nitapona. Tukifukuzwa kazi, mtoto atasomaje?"

"Utapona," Damari akamjibu, "halafu Jailos atavunja wa mwingine."

Alfajiri alifunga mizigo yao yote, sufuria, mablanketi na kitabu cha nyimbo, akaipanga mlangoni. Alijua anachokwenda kufanya kinakatazwa. Mwaka uliopita akina mama walipiga yowe kwa ajili ya mwizi wa mbuzi, mke wa Bwana Kiko akaumwa kichwa, na tangu siku hiyo yowe likapigwa marufuku kambini. Atakayepiga atafukuzwa.

Bwana Kiko alidhani yowe ni kelele. Maskini, miaka yote aliyokaa na watu hakuwahi kuuliza. Yowe ni mwito. Ukilisikia unaacha ulichoshika, iwe jembe au mtoto, unakwenda. Anayefika wa kwanza huuliza kuna nini, aliyepiga hueleza mbele ya wote, kisha wote humwendea mkosaji pamoja. Aliyesikia akakaa nyumbani ataulizwa siku nyingine alikuwa upande gani.

Damari alikwenda moja kwa moja mpaka getini kwa meneja, wakati wachumaji wanashuka mabondeni. Aliweka viganja mdomoni akapiga.

Ile sauti aliyokuwa akiibana kanisani siku hiyo hakuibana. Ilishuka bonde la kwanza, la pili, ikafika kiwandani. Watu wakatua vikapu wakaja, Wabena, Wahehe, Wakinga, wake kwa waume, wengine na matope mpaka magotini. Na aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa askari wa zamu getini, kijana wa Kihehe aitwaye Marcelino. Alikuwa ameagizwa asimruhusu mtu kuingia. Lakini yowe lilikuwa limepigwa miguuni pake, na yeye ndiye wa kwanza. Aliitazama bunduki yake, akamtazama mama yule.

"Kuna nini, mama?" akauliza.

Damari akaeleza yote, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: mpini, mkono, kituo kisicho na askari, lori. Watu waliokuwepo siku ile wakaitikia kuwa ni kweli. Inspekta akatoka kibarazani na kijiko mkononi, Bwana Kiko nyuma yake amewiva uso, anaamuru watu watawanywe.

"Nani amekutuma?" Inspekta akamuuliza kwa Kiswahili.

"Sikutumwa. Hata Yotamu mume wangu hajui nipo hapa," Damari akasema. "Bwana Inspekta, sisi hatukuja kwa meneja. Tumekuja kwa polisi, na polisi wote wako hapa. Sasa tunakwenda kwa Jailos, ndivyo yowe linavyotaka. Tukienda peke yetu, watu hawa wana hasira, mimi siwezi kuwashika wote mikono. Tukienda na askari wako, Jailos atafika kituoni mzima. Chagua wewe."

Bwana Kiko akapayuka kuwa nyumba yake haiwezi kuachwa. Inspekta alitazama ule umati, akatazama mawaridi, akaweka kijiko juu ya kizingiti. Aliwaita askari wote.

Jailos walimkuta ameshapandisha godoro kwenye lori. Alipoona watu wale alimkimbilia Marcelino mwenyewe, akaomba pingu.

Yotamu akaitwa, maelezo yake yakaandikwa palepale, juu ya boneti ya Landrova, na alitia dole gumba la mkono uliobaki. Karani wa kampuni akaja kumwambia Damari kuwa yeye na mumewe hawana kazi tena. Damari akamjibu kuwa mizigo iko tayari mlangoni. Roho ilimuuma kwa ajili ya ada ya Edmund, aliyekuwa shule ya bweni; haikumuuma kwa jingine.

Inspekta alipomaliza alimwita kando. Akamwambia sasa yeye ametimiza wajibu wake, basi na mama naye amsaidie: nani alirusha jiwe?

Damari akafikiri kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa jambo kubwa.

"Bwana," akasema, "siku ile ya jiwe hakuna aliyepiga yowe. Sisi tungejuaje?"

Inspekta akarudisha kalamu mfukoni. Damari akajitwika mablanketi, akamshika Yotamu mkono wake mzima, wakaiandama njia ya Nyololo.