Jina la Mwanamke Aliyebaki Majini

Chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, hawangoji mtu. Mitumbwi imeshashusha mzigo hapa Nchelenge, Zambia, na Léonie ameinama akiwatandaza kwenye mchanga, wasilaliane. Mikono inakwenda na midomo inakwenda, akijisemea peke yake. Jirani yake wa kuanika, Dorica, ameshamzoea.

"Anasemaka na utoto wake!" Dorica anatania. "Siku moja utamujibu."

Utoto umeshamjibu, na tangu hapo nyumbani kwao hakulaliki.

Léonie ana miaka ishirini. Mvua za Januari, ambazo hazikaushi samaki, zilimpa nafasi ya kuandika kumbukumbu za utotoni, kwa kidole gumba, kwenye simu. Siku ya jua humwachia kwacha mia hivi. Siku ya mvua humwachia mawazo tu. Redio ya jamii imewaalika Wakongo wa ufukweni wasome masimulizi yao hewani. Zamu yake ni Jumamosi.

Habari za Pweto, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa alikozaliwa, aliziandika kwa raha. Kuna kisima, kuna shule, kuna bibi aliyemfunga kamba mguuni asitoroke kwenda kuogelea. Anapokwama ana njia yake.

"Ninaanzaka na miguu," anaeleza. "Kichwa kinadanganya. Lakini miguu, ukiiuliza ilikanyaga nini, inakumbuka."

Alipofika siku ya kukimbia vita, mwaka 2017, akaiuliza miguu. Ilikuwa ndani ya maji ya baridi yaliyotuama sakafuni mwa mtumbwi, na juu yake kulikuwa na kitu cha joto. Kitoto kichanga kilikuwa kimelazwa hapo.

Kitoto hicho ni Plamedie, mdogo wake, sasa miaka tisa, anayemwita yaya, yaani dada, na kulala naye kitanda kimoja. Lakini Léonie hakukumbuka kabisa mama yao, Simone, akiwa na mimba kule Pweto. Akazidi kuvuta, na mengine yakaja: mtumbwi umejaa pomoni, mwanamke amesimama majini hadi kiunoni, anampa Simone mtoto.

"Mushike huyu," mwanamke alisema. "Miye nakuya na mutumbwi ingine."

Hakuonekana tena. Léonie, wakati huo wa miaka kumi na moja, aliambiwa huyu ni mdogo wako, akakubali, na ukimya wa nyumba ukamsahaulisha.

Sasa redio. Sauti yake inafika kisiwa cha Kilwa humu ziwani, inafika ng'ambo. Kama mwanamke yule yu hai, anaweza kusikia, na akisikia anaweza kupanda mtumbwi kumfuata mwanawe. Simone alisomewa sura hiyo juzi, na tangu juzi hajamsemesha bintiye.

Leo amekuja mwenyewe mchangani, beseni kichwani, uso umekunjwa.

"Futa ile," anasema, hata salamu hakuna. "Soma ya bibi yako na kamba. Batu batacheka, basi."

"Mama, na kama iko muzima?"

"Akuye amubebe? Nani alimulisha uji? Nani alikesha naye na malaria? Pale ku kambi ya Kenani baliniuliza, huyu mutoto wa nani? Nikasema, wangu. Sikudanganya!"

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na Simone kazi hiyo ameifanya hadi mgongo ukapinda. Anaogopa, na haoni haya kuonekana anaogopa.

Léonie anageuza samaki. Sauti inapomtoka ni ndogo.

"Na kama ni miye ulipatia batu ku mutumbwi, mama? Ungependa banyamaze?"

Simone anatua beseni mchangani.

Kisha radi inapasuka upande wa ziwa. Chisense wakilowa wameoza, na mzigo wa siku umekwenda na maji. Wanawake wote watatu wanapiga magoti, wanazoa samaki kwa viganja, wanajaza mabeseni. Matone ya kwanza yanaanguka migongoni mwao.

"Gaëlle," anasema Simone bila kuinua kichwa.

"Nani?"

"Alikuwaka anaitwa Gaëlle. Alisema jina yake mara mbili, juu nisisahau. Weye uliandika 'mwanamuke moja'. Apana. Weka jina."

Halafu analia, waziwazi, huku anazoa.

Jioni hiyo Léonie na mama yake walimweleza Plamedie, mmoja kila upande wake. Gazeti hili lilisubiri ajue kwanza, na lilisubiri wote watatu waridhie habari hii iandikwe. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Akikuya, yaya, atalala wapi? Kitanda yetu iko kadogo."

Léonie hajui kama Gaëlle yu hai. Hajui akija atamwacha mtoto au atamchukua, na anakiri kwamba wazo hilo linamkosesha chakula. Simone amesema Jumamosi atakwenda naye studio, akae karibu, bintiye asije akaogopa akapunguza sauti.

"Nitasema jina yake mara mbili," anasema Léonie, "vile alisema yeye."