Bonaventure na Saruji Iliyoachwa Mbichi

Mimi kazi yangu kiwandani ilikuwa kidole gumba. Usicheke. Miaka tisa nimelipwa kubonyeza kidole gumba, na nilikuwa hodari kuliko mashine ya kupimia ya meneja, ambayo hata hivyo iliharibika mwaka wa tisini na tatu na hakuna aliyejisumbua kuitengeneza.

Kiwanda chetu kilikuwa Etobicoke, huku ughaibuni kwenye theluji, nyuma ya reli. Tulitengeneza vigae vinene vya kuwekwa ndani ya ndoo za kubebea chuma kilichoyeyuka, ili moto usile ndoo yenyewe. Vigae vile havichomwi. Unachanganya mchanga mgumu wa tanuri na gundi nyekundu, unatia dawa ya maji, unashindilia kwenye kalibu, halafu unaviacha vigande vyenyewe palepale kwa joto la chumba. Pembeni tunaweka donge la mchanganyiko uleule, na mimi kila baada ya dakika tano nabonyeza. Alama ya kwanza inazama, ya pili inazama kidogo, ya mwisho haionekani. Nionyeshe alama yoyote, nitakwambia ilibonyezwa dakika ya ngapi. Mwanangu Riaz aliwaambia wenzake shuleni kwamba mama yake ni injinia, na mimi sikumkanusha.

Bonaventure alikuja Februari ya tisini na sita. Mrundi wa Bujumbura, fundi mwashi, mrefu, mkimya kama mtungi. Alikaa mtaa wa Weston, si mbali, na mkewe Amandine. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, basi tukawa wawili, mimi Mhindi wa Tanga na yeye, na kiwanda kizima kikatushangaa.

Siku ile ile nikamuuliza, "Nikuite baba nani?" Maana kwetu mtu mzima haitwi kwa jina lake kavu. Mimi Mama Riaz, nilikuwa Mama Riaz hata kabla Riaz hajaota meno. Yeye akatazama viatu vyake.

"Niite Bona tu," akasema. Niliudhika kidogo. Nilidhani ana maringo.

Sasa, wakati wa baridi kile chumba kilikuwa balaa. Mlango wa malori ukifunguliwa upepo unaingia, na kigae cha kuganda kwa saa moja kinakaa saa sita. Moto haukuruhusiwa kusogezwa karibu, kwa sababu ya mvuke wa gundi. Tulikuwa tunangoja, na wote tulipenda kungoja kwa kuwa tulikunywa chai. Bona peke yake hakuweza. Anasimama juu ya kigae kibichi kama anauguza mtu. Anagusa ukingo, anaondoka, anarudi. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, mwenzangu.

"Na asiye na muda, Mama Riaz, yeye afanyeje?"

Akaanza kujaribu mambo. Kulikuwa na unga mweupe wa magnesia, ule uliochomwa kidogo tu, umelala ghalani. Akaona ukitia kijiko kimoja, gundi inashika upesi hata kwenye baridi. Vijiko viwili, upesi zaidi. Ukiuchekecha ukawa laini, upesi kuliko hapo. Yote aliyaandika kwenye daftari la shule. Saa sita zikawa mbili, mbili zikawa dakika arobaini. Msimamizi wetu, Mreno ambaye nadhani hajapata kumsifu hata mkewe, akampigapiga begani.

Ila mimi niliona kitu. Bona hakupima kwa kidole. Alipima kwa msumari. Anaandika juu ya donge, anangoja, kisha anapitisha kiganja kama anayefuta ubao. Maandishi yakifutika anatikisa kichwa. Yasipofutika, anayatazama mpaka nimwite mara tatu.

Dakika arobaini hazikumtosha, alitaka kumi na tano. Machi ya mwaka uliofuata akatia unga mwingi kupita kiasi, na mchanganyiko wote ukagandia ndani ya mashine ya kuchanganyia. Ngoma nzima ikawa jiwe. Mreno akatukana kwa lugha yake na kwa lugha za watu. Akasema Bona aubandue wote kwa patasi, kisha aende zake asionekane tena.

Mimi nina hasira, najijua. Nikamfuata pale alipoingiza kichwa ndani ya ngoma, anagonga. "Una mke, una nyumba ya kupanga. Dakika arobaini zilikuwa na ubaya gani? Nani anakukimbiza?" Akaendelea kugonga. "Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia. "Sema."

Akasema humohumo ndani, sauti ikitokea kwenye chuma. Walikuwa na binti, Jolie, miaka minne. Oktoba ya tisini na tatu, nchi yao ilipochafuka, homa ikamchukua, na hospitali haikufikika. Akamzika mwenyewe kilimani, akachanganya mfuko wake wa mwisho wa saruji akamfunika, akaandika jina kwa msumari. Kaburi lisilo na jina, mvua mbili tatu zikipita, mtu hulima juu yake. Alitaka akae mpaka ishike. Amandine akamvuta mkono, akasema anasikia watu wanakuja.

"Mimi sikusikia mtu," akasema Bona. "Sikuona mtu. Nilikimbia upepo, Mama Riaz. Na mvua ikatukuta njiani. Mimi mwashi, nimemwacha mwanangu chini ya saruji mbichi, na sijui kama jina lipo. Ningekaa. Au ningekuwa na kitu cha kuganda kwa robo saa."

Nilikwenda kwa Mreno nikamwambia mimi ndiye niliyekosea kupima ule unga. Ulikuwa uongo mtupu na Mungu atanisamehe. Akanikaripia siku tatu, na Bona akabaki. Robo saa yake aliipata Novemba, kigae kizima, kigumu ndani na nje. Nikambonyezea alama zote, na ya tatu haikuonekana. Hakufurahi hata kidogo.

Mwaka wa tisini na nane shemeji yake, Fabrice, alirudi Bujumbura, Bona na Amandine wakamwomba apande kile kilima. Bahasha ikaja kwa posta. Bona hakuifungua nyumbani. Aliileta mezani kwangu wakati wa chai, ingali na gundi yake.

"Fungua wewe."

Ilikuwa picha. Saruji ilikuwa nzima, na jina lilikuwapo. Nililisoma bila miwani, JOLIE, isipokuwa herufi ya tatu, kwa sababu juu yake palikuwa na kiatu. Alama ya buti, kisigino kimezama mpaka saruji imevimba pembeni. Mbele yake nyingine, na nyingine, zinaelekea njiani.

Akaitazama muda mrefu. "Lini?" akauliza.

"Saruji waijua wewe kuliko mimi."

"Naijua. Nataka mtu mwingine aseme."

Siku hiyo nilitamani niwe mjinga wa kazi yangu. Ukibonyeza kitu kilichoanza kushika, ukingo unapasuka vinyufa. Ule ukingo haukuwa na ufa hata mmoja. "Ilikuwa mbichi kabisa," nikasema. "Walikuwa nyuma yenu. Dakika kumi, na hata kumi hazifiki."

"Alisikia," akasema. "Amandine alisikia. Na mimi miaka mitano nimemnunia, nikila chakula chake bila neno."

Mimi nilishikwa na hofu, na haijaniachia. Mtu nisiyemjua, amekanyaga jina la mtoto, amekwenda zake kuwatafuta wazazi wake. Sasa nimestaafu, nakaa Malvern kwa Riaz, na nikikuta zege jipya limemwagwa njiani hutazama chini kwanza, nizitafute zile buti. Wajukuu wananicheka.

Kengele ya kurudi kazini ikalia. Bona akairudisha picha ndani ya bahasha, akasema anaomba ruhusa aende nyumbani. Hakuwahi kuomba ruhusa tangu aajiriwe.

"Nenda kwa mkeo," nikamwambia. "Nenda, Baba Jolie."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, akageuka, akaitika.