Choo Alichokichimba Mama

Kwetu ni Mbozi, kando kabisa ya barabara kuu, na mimi nikiliona basi la kampuni ile limeandikwa ubavuni kwamba linajali jamii na mazingira, damu inanichemka. Msinitulize. Sikilizeni kwanza walichomfanyia mama yangu.

Shamba la mama ni la kahawa, linateremka kutoka barabarani hadi kwenye chemchemi. Maji ya kunywa tunachota hapo, ya kupikia hapo, na kahawa ikishamenywa inaoshwa kwa maji hayo hayo. Sasa mabasi yanayotoka Sumbawanga yakaanza kusimama mbele ya shamba letu. Konda anashuka anapaza sauti, "Haya, kuchimba dawa! Wanaume kulia, kinamama kushoto!" Kushoto ndiko kwetu. Watu wazima na heshima zao wanajificha kwenye mibuni, wanajisaidia, wanapanda basi, wanaondoka. Na chupa tupu za maji wanazogawiwa humo ndani zinarushwa dirishani, kwa sababu konda hataki basi lichafuke. Shamba letu lichafuke, hewala.

Nilimwambia mama tuzungushe miba. Akanikata jicho. "Mtu ameshikwa na haja, wewe unamwekea miba? Nani alikufundisha hivyo?"

Akafanya la kwake. Aliwaita wajomba zangu kutoka Isansa, wakachimba shimo la choo kule juu, mbali na chemchemi, wakajenga kwa tofali za kuchoma na kuezeka bati. Kila asubuhi mama alikifagia, akaweka kidumu cha maji na kipande cha sabuni. Abiria walimwombea baraka, na chemchemi ikapona. Mama alifurahi, na mimi nikanyamaza.

Ndipo kampuni ikaja. Walikuja na gari dogo, fulana, bango refu na mpiga picha. Wakapaka mlango wa choo rangi za mabasi yao, wakaandika jina lao kubwa, na ofisa wao akamkumbatia mama begani huku wanapigwa picha. Mama hakuuliza maswali. Kwetu, mtu akija kukusaidia kukandika nyumba, nyumba hiyo inakuwa yake pia: ikivuja anaitwa, na anakuja bila kinyongo. Mama aliwaona wale wameshika brashi, akaamini wamekuwa ndugu. Jioni ile alinipigia simu Tunduma ninakouza vitenge, anacheka kama msichana. "Mwanangu, nimepata wa kunisaidia kutunza choo."

Wa kumsaidia! Toka siku ile kila basi la kampuni hiyo lilisimama pale, liwe linakwenda au linarudi. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya wasafiri wachache waliozidiwa likageuka choo cha stendi. Likajaa. Hakuna aliyekuja na gari la kunyonya, hakuna aliyeleta hata ufagio.

Nikaenda ofisini kwao, hapo hapo Tunduma. Nilimkuta ofisa yule yule. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza kwamba choo kimejaa na mvua ziko njiani, zikinyesha uchafu utashuka kwenye maji tunayokunywa. Akanisikiliza anachezea kalamu.

"Dada yangu, kile choo si mali ya kampuni. Kiko kwenye shamba la mama yako."

"Na lile jina mlangoni?"

"Lile ni tangazo tu."

Ukutani nyuma yake ilining'inia picha ya choo chetu, kubwa kama meza, yeye amekenua meno na mkono wake uko begani kwa mama. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kinyiha, na mlinzi akanitoa nje kwa adabu maana naye ni wa kwetu. Sijutii hata neno moja.

Mvua zikanyesha. Shimo likafurika, uchafu ukafuata mteremko, na chemchemi ikaanza kunuka. Mama, aliyekuwa akiwachotea maji majirani wagonjwa, sasa akawa anabisha hodi kwao na ndoo mkononi. Wajomba wakarudi, safari hii kufukia. Wakaubomoa ukuta, wakalishindilia shimo udongo.

Nilikuwepo basi la kwanza liliposimama baada ya hapo. Mama alitangulia, akasimama mdomoni mwa njia ya shambani na jembe lake. Kinamama wakasita. Akajitokeza bibi mmoja wa rika lake, anajikongoja, ameshikwa mkono na binti yake.

"Mwenzangu, nisitiri. Nimezidiwa."

Mama alitikisa kichwa. "Hapana. Rudini."

Bibi yule alirudi hadi nyuma ya gurudumu la basi, binti akatandaza kitenge kumkinga, na upepo wa malori ya Zambia ukawa unakipeperusha. Wanaume walikuwa wanaona. Mama naye alikuwa anaona.

Basi lilipoondoka alikwenda jikoni, akakaa chini. Nikampakulia ugali na maharage, hakugusa. Nikamwambia kosa si lake, ni la wale mashetani wenye fulana.

"Aliniita mwenzangu," alisema, na akajifunika uso kwa khanga.