Sauti ya Mama Kulwa Kambini

Hata sasa nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Mimi ni mchimbaji mdogo hapa Mwakitolyo, na mke wangu, Mama Kulwa, yuko nyumbani Nyahanga. Sote wawili tunatumia ARV, na miaka yote tulikuwa tunameza pamoja saa moja jioni, tukipokezana kikombe cha maji. Nilipokuja machimboni, saa hiyo ilinishinda kwa upweke. Nikamwomba anirekodie sauti yake, nikaifanya alamu ya simu.

Ujinga wangu ni kwamba nilikuwa naijibu.

"Baba Kulwa, saa moja imefika, meza dawa."

"Nameza, mke wangu. Na wewe umemeza? Leo mmekula nini?"

Wenzangu wakaanza kuninunia. Kambi yetu hairuhusu kulaza wanawake, nami sikuwaza kwamba turubai la hema langu halizuii sauti. Nilidhani wananionea wivu kwa kuwa nimepata mawe yenye dhahabu nzuri.

Juzi jioni turubai likafunuliwa ghafla. Meneja wa shimo letu, mzee mkali, alisimama na wachimbaji wawili.

"Mtoe huyo mwanamke!"

Nilikuwa nimepiga magoti, kidonge mkononi, simu nimeilaza juu ya mto.

"Baba Kulwa," simu ikaita tena, "saa moja imefika, meza dawa."

Wakaitazama simu, kisha kopo la vidonge, kisha mimi. Nikanyoosha mkono niizime.

"Acha kwanza," meneja akasema taratibu, akichuchumaa mlangoni. "Wangu sijamsikia mwaka wa pili huu. Hebu mwache aseme tena."