Tonton alitaka kumuzika papa angali muzima

Wapendwa, leo nimeona maajabu!

Papa yangu iko na ugonjwa ya Parkinson. Maneno yake inatoka pole pole. Infirmière, muuguzi anayekuja nyumbani, alitufundisha: umuulize, kisha ungoje.

Leo mudogo wake, tonton wa viatu ya kungaa, alifika.
"Mukubwa, unanijua?"
Hakungoja hata kidogo. Akanigeukia: "Huyu hasikie tena kitu. Tumupeleke kijijini Mudaka, akangojee kifo kule."

Mbele ya papa! Kama vile anaongea juu ya kabati!

Niliendelea kumulisha papa bouillie, ile uji yake. Tonton alikuwa tayari ku mulango wakati jibu ya papa ilitoka:

"Nakujua. Tangu utoto hauna adabu. Mudaka uende weye."

Watoto wangu walianguka chini na kicheko. Tonton hakuaga mutu.

Papa akafungua kinywa: bouillie ingine. Anabaki kwangu.

Kwenu ba tonton kama hawa munawafanyaka nini?