Mwalimu Aliyezuiwa na Mto Wetu

Mimi ni mtu wa Machakos, na nakuonya mapema, rafiki yangu, kwamba nikianza kupasifu kwetu sijui kunyamaza. Mwezi uliopita niliomba ruhusa kazini ili niende Muthetheni, kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu wangu wa shule ya msingi aliyekuwa anastaafu. Mwenzangu mmoja ofisini akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Lakini huko kwenu kuna nini, zaidi ya jua?"

Nilimwambia kwamba mji wetu ulikuwa makao ya serikali wakati Nairobi ilikuwa bado bwawa la vyura. Reli ikaja, ikapita kando yetu, na wakubwa wakabeba makaratasi yao wakaifuata. Nikamwambia kwamba si mbali na mji kuna mahali barabarani ambapo ukimwaga maji yanapanda mlima, na watu hutoka mbali na chupa zao kuja kuyajaribu. Alicheka tu. Nami nikaenda zangu. Lakini gari lilipoacha vilima vya Iveti na kuanza kuteremka kuelekea Mwala, hewa ikawa kavu, mbuzi wakaanza kuonekana kando ya barabara, na nikatambua kwamba nilikuwa nimemjibu vibaya. Ningemsimulia habari ya mwalimu huyu.

Nililelewa na nyanya yangu, mama wa baba. Sisi humwita susu. Boma letu lilikuwa upande mmoja wa mto, pamoja na shule. Soko na kituo cha basi vilikuwa ng'ambo. Asubuhi niliamshwa na mlio wa kinu, maana susu alitwanga mahindi ya muthokoi kabla jua halijachomoza, akiyalowesha kidogo ili maganda yatoke, na mchi wake ulikuwa na mwendo wake ambao ningeutambua hata katikati ya vinu kumi. Muthokoi ulichemka na mbaazi siku nzima kwenye chungu cheusi. Jioni tuliula moto, na kesho yake tuliubeba shuleni ukiwa baridi, na sijui hata leo upi ulikuwa mtamu zaidi.

Nilipokuwa darasa la saba, shule yetu haikuwa na mwalimu wa hesabu. Wawili walikuwa wameletwa mwaka ule na wote wawili wakaondoka. Wa kwanza alikaa mwezi. Wa pili hata chaki yake haikuisha. Walisema ni joto, ni vumbi, ni maji. Mwaka uliofuata tulikuwa na mtihani wa mwisho, na mimi nilitaka kwenda sekondari kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Muhula wa tatu ulipoanza, katikati ya kiangazi, tukaletewa wa tatu. Alikuwa mwanamke kijana kutoka upande wa ziwa. Alifika amekaa juu ya mkokoteni wa punda pamoja na godoro lake na sanduku la bati, amejifunga leso kichwani, na mwalimu mkuu akitembea kando. Tulikuwa tumepangwa foleni kumpokea. Aliteremka, akatusalimia, akageuka kwa mwalimu mkuu.

"Niliambiwa nyumba yangu iko karibu na mto. Uko wapi?"

Mwalimu mkuu akakohoa. Ni mimi niliyejibu, maana nilikuwa mbele na mdomo wangu haukuwa na breki.

"Umeshauvuka, madam."

Akageuka kutazama alikotoka. Kulikuwa na mchanga tu, mpana na mweupe, na alama za magurudumu ya mkokoteni wake katikati. "Huo ni mto?" akasema polepole.

Nilipewa kazi ya kumpelekea maji, mitungi miwili kila asubuhi kabla ya kengele. Nilimpenda haraka. Alifundisha kama mtu anayekupa siri. Alicheka tuliposema "balabala", nasi tukacheka aliposema "sule", mpaka tukagundua kwamba hata sisi twasema "sule", na kwamba kwa herufi hiyo wote tulikuwa wagonjwa wa aina moja. Nilimweleza habari za Machakos, pamoja na yale maji yanayopanda mlima. "Kwenu maji yanapanda mlima na mto hauna maji," alisema. "Kila kitu hapa kiko kinyume."

Wiki ya tatu, nikiwa nyuma ya nyumba yake naweka mitungi chini, nilimsikia akiongea na mwalimu mkuu mlangoni. Alisema likizo fupi ya katikati ya muhula ikifika atakwenda kwao, na hatarudi. Alisema anaomba radhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

Nilikimbia nyumbani kumwambia susu. Alikuwa anapeta kunde. Hakuacha kupeta.

"Kesho usimpelekee maji," akasema.

"Susu! Ataenda leo leo!"

"Nimesema usimpelekee."

Usiku ule sikula. Nilimwona susu kama mzee mgumu asiyejua maana ya shule, aliyekuwa ananifukuzia mwalimu kwa mikono yake mwenyewe. Lakini katika nyumba ile neno lake halikurudiwa mara mbili. Asubuhi sikubeba mitungi.

Jua lilipopanda kidogo mwalimu alikuja mwenyewe kututafuta mtoni, mtungi mkononi, uso umekunjamana. Susu alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, kando ya kile kishimo chetu tulichokizungushia miiba ili mbuzi wasikichafue.

"Mama, msichana wako hakuniletea maji leo."

"Ni mimi nilimkataza."

"Kwa nini?"

"Wewe umekunywa maji yetu wiki tatu na hujui inatoka wapi," susu alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hiyo si mzuri. Kaa hapa. Chimba."

"Nichimbe na nini?"

"Si uko na mikono?"

Nilidhani ataondoka. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alipiga magoti, pengine kwa sababu ya hasira tu, akaanza kuchimba. Mchanga wa juu ulikuwa moto, wa chini ukawa baridi, halafu ukawa na rangi nyingine. Mkono wake ukazama hadi kwenye kiwiko. Kisha, polepole, maji yakaanza kujitokeza pembeni, yakajaa, yakatulia, safi mpaka ungeweza kuhesabu chembe za mchanga chini yake. Susu alimpa kata ya kibuyu. Akanywa. Akanywa tena.

"Nani aliyeyaweka hapa?" akauliza, na hasira ilikuwa imeondoka kwenye sauti yake.

"Mvua ililetanga. Sisi tunachunga tu."

Halafu susu akanyoosha kidevu kuelekea milimani, kule mashamba yalikokatwa ngazi kwa ngazi kutoka chini hadi kileleni. Akamweleza kwamba alipoolewa hapa, yote yale yalikuwa makorongo mekundu, ng'ombe akianguka ndani hatoki. Wazungu waliwalazimisha watu kuchimba mitaro ya ngazi hizo, na watu wakachimba kwa hasira.

"Wakaenda zao. Sisi tukakaa, tukaona mitaro imeshika udongo. Basi tukachimba zingine. Hizo za pili hakuna mtu alitulazimisha."

"Milima yote hiyo? Kwa mikono?"

"Na jembe. Na kuimba."

Mwalimu alikaa pale mpaka mwalimu mkuu akaja kumtafuta.

Siku zile akina mama walikuwa wanajenga ukuta wa mawe kukatiza mto, chini kidogo ya hapo, ili mvua ikija mchanga ujikusanye nyuma yake na maji yabaki ndani ya mchanga. Saruji ilitolewa na wahisani, na vingine vyote vilitoka mgongoni mwa akina mama. Kikundi kama hicho twakiita mwethya. Leo wanakuja kwako, kesho kwangu, na anayechelewa anaimbwa kwa jina hadi aone haya. Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja kuangalia. Ilipofika saa nne alikuwa amejifunga leso kiunoni, yuko kwenye mstari, anapokea mawe na kuyapitisha. Jumatatu akatuleta darasa zima. Alitufanya tupime upana wa mto kwa kamba, urefu wa ukuta, unene wake, tukapiga hesabu ya madebe mangapi ya mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji. Mimi leo ni mpimaji ardhi. Ukiniuliza nilisomea wapi, cheti kitakutajia chuo, lakini mimi najua ni pale mchangani.

Hata hivyo hakusema kwamba atakaa. Ukuta ulimalizika, likizo fupi ikafika, na siku hiyo nilimwona amefunga sanduku lake lile la bati. Darasa zima tulimsindikiza. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa milimani tangu asubuhi, ila kwetu palikuwa pakavu.

Tulipofika ukingoni tulisikia ngurumo ambayo haikuwa ya mbinguni. "Simameni!" susu akapiga kelele nyuma yetu. Maji yalikuja yakiwa mekundu, yamebeba matawi na majani na povu kubwa kama mbuyu, yakajaza ule mchanga wote kutoka ukingo hadi ukingo kabla hatujamaliza kurudi nyuma. Ng'ambo tuliliona basi likisubiri, likapiga honi mara mbili, likaondoka.

Mwalimu alikaa juu ya sanduku lake. Alitazama maji, akamtazama susu, na ghafla akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Huu mto haionekanangi kila siku," susu alisema, akikaa chini kando yake. "Leo imekuja kukuona."

Walikaa vile mpaka alasiri, na sisi nyuma yao tumelowa chapachapa kwa mvua iliyokuwa imetufikia. Hakuna aliyezungumzia basi. Wote tulikuwa tunatazama ukuta. Maji yaliupanda, yakauruka, yakatafuta mahali pa kupenya. Mama mmoja alikuwa anasali kwa sauti. Maji yalipoanza kushuka, jiwe la kwanza likatokeza, halafu la pili, halafu ukuta wote, umesimama, na nyuma yake mchanga mpya umelala. Akina mama walipiga vigelegele. Mwalimu alikuwa wa kwanza kushuka kuugusa.

Kesho yake alivuka na kupanda basi, sanduku na kila kitu. Sitakudanganya kwamba alighairi pale pale. Nililia siku nne. Susu aliniwekea muthokoi wa kwanza kutoka kwenye chungu, ule ulioiva vizuri.

Shule ilipofunguliwa, nilikuwa nafagia darasa niliposikia magurudumu ya mkokoteni. Alikuwa amerudi. Sanduku lilikuwa lile lile, na juu yake kulikuwa na kifurushi cha karatasi kinachonuka kutoka mbali. Alikuwa amemletea susu samaki wakavu. Susu hakuwa ameonja samaki maisha yake yote. Alimgeuza yule wa kwanza huku na huku, akamtazama macho, akauliza kama ni lazima ale na kichwa. Jioni ile tulikula muthokoi kwa samaki, na susu akatangaza kwamba nyoka huyo wa majini hakuwa mbaya.

Alitufundisha mpaka mtihani, nami nikaenda sekondari. Akawafundisha waliotufuata, na watoto wao. Aliolewa Mwala, akachimba mitaro kwake.

Kwenye sherehe hiyo ya mwezi uliopita alihutubu kwa Kikamba, chenye lafudhi ya ziwa ambayo miaka yote haikumtoka, na watu wakashangilia kila sentensi. Kijana mmoja mwalimu, aliyeletwa hivi majuzi kutoka upande wa Syokimau, kule kando ya Nairobi, alimuuliza mbele ya watu wote, "Madam, sasa umestaafu, utarudi kwenu lini?"

Alimtazama kama mtu ambaye hakuelewa swali. "Kwetu?" akasema. "Nirudi kwetu nikitoka wapi?"

Mengi yameondoka. Susu tulimzika miaka mingi iliyopita, na vinu vimenyamaza, kwa sababu muthokoi sasa unakobolewa kwa mashine sokoni. Sikusikia punda, nilisikia pikipiki. Majina ya wanaochelewa hayaimbwi tena, yanaandikwa kwenye simu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikawa na huzuni kidogo, nadhani unaijua, ile inayokuja pamoja na kushiba.

Lakini baada ya chakula nilimwona yule kijana ameondoka kundini. Alikuwa amesimama peke yake ukingoni, amevua viatu, suruali ameikunja hadi magotini, anautazama mchanga. Mtoto wa darasa la nne hivi alikuwa mbele yake, anamwonyesha kwa kidole mahali pa kuanza kuchimba.